Mwenye Nyumba Mwenye Busara ya Kawaida

KUHUSU: MADAI YA FIDIA KWA UHARIBIFU WA GHAFLA NA USIOKUSUDIWA ULIOSABABISHWA NA KUPASUKA AU KUFURIKA KWA MATANGI, VIFAA NA MABOMBA YA MAJI YA NDANI YA JENGO (SEHEMU YA PILI, KIFUNGU CHA NNE, AYA NDOGO YA TATU): OMBI LA MAELEZO YA ZIADA.

Hivyo ndivyo kampuni ya bima ilivyoliita jambo lile. Benchini liliitwa "bomba la Sentigredi", na hakuna aliyeomba maelezo ya ziada.

Benchi lenyewe ni la mbao nene za zamani. Lilitolewa stesheni ya reli ya mji wa Ipoh siku walipoleta viti vya plastiki, na tangu hapo limekaa kwenye kona ya mkahawa wa Dada Swee, mgongo ukutani na uso barabarani, likingoja treni ambayo reli yake haipiti mtaa huo. Wanaolikalia asubuhi ni walewale. Wa kwanza ni Ramasundram, aitwaye Wakili kwa sababu alimwendesha wakili mmoja kwenye gari kwa miaka mingi na sheria ikamwingia kupitia kisogo. Wa pili ni Jamaluddin, aitwaye Bomba, mstaafu wa idara ya maji, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kusoma mita. Wa tatu ni Foong, mwalimu mstaafu wa fizikia, aliyebatizwa Sentigredi siku aliporudisha kahawa akidai imepoa kuliko jana na kutaja kwa kiasi gani. Dada Swee hakai. Husimama mlangoni na birika lake la mdomo mrefu, huchangia kila hoja, na hutoza kila kikombe.

Ilikuwa siku ya kumi na mbili ya mwaka mpya wa Kichina. Taa nyekundu za karatasi zilikuwa bado zinaning'inia, maganda ya fataki yamelowa kando ya mtaro, na Foong alikuwa na barua ndani ya mfuko wa shati. Saa nne asubuhi hiyo angekuja mkadiria hasara, yaani mtu ambaye kampuni humtuma aitazame hasara yako mpaka ipungue.

— Soma tena, alisema Wakili. Polepole. Barua ya bima ni samaki wa miiba.

Foong akavaa miwani.

— "Tafadhali eleza ni kwa sababu gani maji yaliachwa ndani ya jengo, siku ya tukio, kwa muda unaozidi ule unaotarajiwa kwa mwenye nyumba mwenye busara ya kawaida."

— Nani huyo? akauliza Bomba.

— Nani nani?

— Huyo mwenye nyumba mwenye busara ya kawaida. Mimi nimesoma mita za mji huu mzima, mlango kwa mlango. Sijapata kumkuta.

— Labda ulipopita alikuwa kazini, alisema Dada Swee.

— Na mkewe je? Na mbwa wake? Nyumba zote za Ipoh zina mbwa aliyenifahamu.

— Ni mtu wa kisheria, akasema Wakili kwa sauti ya kiti cha nyuma cha gari. Hayupo, lakini anashinda kesi.

Foong alikunja barua. Yeye hakuwa na hamu ya kucheka, ingawa kwa mtu aliyeharibikiwa na sakafu alikuwa na utulivu wa kutosha. Kahawa ilikuwa moto, mkate wa jamu ya nazi na mayai ulikuwa umechomwa vizuri, na mvua ilikuwa haijaanza. Lakini sakafu ile ilikuwa na neno lake. Mbao zake zilichaguliwa na marehemu mkewe, Mei Yoke, ubao mmoja mmoja, akizigonga kwa kifundo cha kidole kama anayenunua tikiti maji. Sasa zilikuwa zimevimba na kuinuka kwenye viungo. Na juu ya sakafu hiyo alitembea Bibi Lam, mama yake Mei Yoke, mwenye miaka themanini na saba na mkongojo mmoja. Mkwe na mama mkwe waliishi wawili tu. Juzi ncha ya mkongojo ilinaswa kati ya mbao mbili, bibi akayumba, akadaka kabati. Kabati lilimwokoa. Siku nyingine kabati laweza kuwa mbali.

Bila fidia, mbao zile hazibadilishiki kwa pensheni ya mwalimu. Ndiyo maana aliileta barua benchini. Mfa maji hukamata maji, seuze mfa sakafu.

Chanzo chake hakikuwa siri. Asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka, Foong akiwa amevaa shati jipya jekundu alilonunuliwa na mama mkwe, mpira unaopeleka maji kwenye bomba la sinki ulipasuka. Alikimbilia koki kuu. Bibi Lam alimwambia asiifunge, kwa maana siku ya kwanza ya mwaka maji yakikuingilia nyumbani ni mali inaingia, na mwenye akili haifungii mali mlango. Wakajadiliana. Bibi akakubali koki ifungwe, kwa sharti ifungwe polepole, mali isione kama inafukuzwa. Wakati huo jikoni kulishakuwa ziwa, na ziwa lilikuwa limeanza kuitembelea sebule.

Ndipo likaja suala la pili. Siku ya kwanza ya mwaka fagio hufichwa. Hakuna kufagia, hakuna kudeki, hakuna kutupa hata ganda la njugu, usije ukaisukuma bahati ya mwaka mzima nje ya mlango. Na kama ganda la njugu ni mwiko, sembuse maji.

Foong alipojaza fomu ya madai, aliandika kwa uaminifu wa mwalimu: "Maji hayakutolewa nje ya nyumba siku ya kwanza." Akaweka nukta. Yaliyotokea kati ya asubuhi na jioni ya siku ile hakuyaandika kwenye fomu, wala hakuyasimulia benchini. Mtu aliyefundisha nusu ya mji kanuni za shinikizo la maji ana haki ya kubaki na jambo moja moyoni, hasa kama jambo lenyewe lina masufuria ndani yake.

— Haya, sikilizeni, alisema Wakili, akivuta kikombe karibu kama anayevuta faili. Jibu ni moja tu. Tendo la Mungu.

— Mungu yupi? aliuliza Dada Swee.

— Usianze.

— Nauliza tu. Maana kama ni mungu wetu wa jikoni, alikuwa safarini. Huondoka kabla ya mwaka mpya kwenda kutoa taarifa juu, hurudi siku ya nne. Bomba limepasuka siku ya kwanza. Hakuwepo. Hana kesi ya kujibu.

— Na wa kwangu, akasema Bomba, hashughuliki na mipira ya sinki. Mpira ule ni wa bei rahisi, Sentigredi aliuleta hapa nikauona. Msimsingizie Mungu kitu cha dukani.

— Halafu wenyewe hawabishi kuhusu bomba, alisema Foong. Bomba limo kwenye bima. Wanachouliza ni kwa nini maji yalikaa.

— Basi kumbe ni swali langu, bwana! Bomba alinyanyuka kidogo, akakaa tena. Swali la maji anaulizwa mtu wa maji. Siku ya mwaka mpya viwanda vimefungwa, sivyo? Viwanda vikifungwa, maji hayatumiki. Yasipotumika, mgandamizo unapanda mji mzima.

— Hilo ni kweli, alikiri Foong.

— Mnaona? Sentigredi mwenyewe kakubali! Sasa mgandamizo ukipanda, yanatafuta pa kutokea. Mji mzima umebana, ni kwako tu kumelegea. Kwa hiyo siku ile, mzee mwenzangu, hukuwa na maji yako mle ndani. Ulikuwa na maji ya Ipoh yote. Ulikuwa na mto Kinta umekukalia sebuleni! Ungetoa mpaka lini? Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

— Nilikuwa nimeshafunga koki, alisema Foong.

— Polepole, alikumbusha Dada Swee.

— Polepole, lakini niliifunga.

— Umeniharibia, alisema Bomba kwa huzuni. Mtu anakujengea utetezi, wewe unafunga koki.

Dada Swee alimwaga kahawa, mkondo mrefu mwembamba usiomwaga tone.

— Mwambieni ukweli. Mafundi wote wa bomba walikuwa kwao kwa sikukuu. Mimi mwenyewe choo changu kiliimba siku tano.

— Barua haiulizi fundi, akasema Foong. Inauliza maji. Kuondoa maji hakuhitaji fundi.

— Kunahitaji nini?

— Fagio, alisema Foong, na benchi zima likatikisa kichwa, kwa sababu hata Bomba na Wakili, ambao mwaka wao mpya uko kwingine, wasingemletea Bibi Lam fagio siku ya kwanza. Bomba alipata kuingiza mwavuli uliofunguka ndani ya nyumba ile na mpaka leo anapewa chai bila biskuti.

Wakili alikuwa akifikiri. Akifikiri hupiga meno kwa kijiko.

— Ninayo. Ninayo, na hii haikatiwi rufaa. Andika hivi: maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo ni methali.

— Methali ni nini? Ni hukumu ya wazee waliokufa. Hukumu ya zamani inafunga mahakama mpya. Wazee walishakaa, wakachunguza, wakaona maji yakimwagika hayazoleki. Sasa kampuni inakuuliza kwa nini hukuyazoa! Inakudai ufanye lisilowezekana! Mwenye busara ya kawaida hajaribu kuzoa maji yaliyomwagika. Akijaribu, huyo ni kichaa.

Foong alipaliwa na kahawa. Alikohoa mpaka Bomba akampiga mgongoni.

— Imempata, alisema Wakili, ameridhika. Hoja nzuri hupita kwenye koo.

— Si hoja, ni mkate, alisema Dada Swee. Na hii mikate, Sentigredi, mbona siku hizi unakula hapa asubuhi, mchana na jioni? Tangu mwaka mpya hujapika. Unakula kama mtu aliyepewa talaka.

— Jikoni kumeharibika.

— Jiko lako ni zima, ulisema mwenyewe. Na sufuria zangu mbili kubwa ulizoazima je? Zile za kuchemshia supu. Zinarudi lini?

— Siku ya kumi na tano.

— Unachemsha nini siku kumi na tano? Mamba?

Foong alitazama barabarani kana kwamba treni inakuja.

— Tuache sufuria, alisema Wakili. Sufuria si sehemu ya shauri. Kama methali hamuitaki, kuna njia ya mkato, na nasema hii kwa heshima zote. Andika kwamba bibi ni mzee sana. Akili zimechoka. Alikataa maji yatolewe, na wewe ulikuwa peke yako naye, ukaogopa kumtibua. Makampuni yanawaogopa vikongwe. Watalipa wiki hii hii.

Foong aliweka kikombe chini. Hakukiweka kwa nguvu, lakini alikiweka ilhali hakijaisha, na benchini hilo ni tamko.

— Hapana.

— Ni karatasi tu, Mwalimu.

— Karatasi hizo bibi huzisoma zote. Ana kioo cha kukuzia. Husoma mpaka maandishi madogo ya kwenye chupa ya mchuzi wa soya. Mwezi uliopita amewafilisi majirani wanne kwenye mchezo wa kamari wa vigae, mmoja wao mhasibu. Nikiandika kwamba akili zimechoka, ataisoma, na hatasema kitu. Atanyamaza tu. Mimi namjua akinyamaza. Alinyamaza hivyo tulipomzika Mei Yoke.

Mwuza bahati nasibu alipita na tiketi zake, akaona sura zao, akapita moja kwa moja.

— Heri sakafu ibaki ilivyo, alisema Foong. Nitamwekea zulia.

— Mkongojo na zulia? akasema Dada Swee kwa upole. Hilo si zulia, mtego huo.

— Najua.

— Basi, Wakili akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hilo nimelifuta. Halikusemwa.

Bomba, ambaye hawezi kuvumilia benchi likinyamaza, akapiga goti lake.

— Jamani, mbona tunajitetea? Dawa ya moto ni moto! Tuwashtaki wao! Sikilizeni. Maji siku ya kwanza ni mali. Sivyo, Dada?

— Ni mali.

— Mali imeingia ndani ya nyumba. Nyumba ina bima. Vilivyomo ndani ya nyumba vina bima?

— Vinayo, alisema Foong. Sehemu ya Tatu.

— Basi! Yale maji ni mali iliyomo ndani ya nyumba. Sakafu imeyanywa. Hayapo tena. Kwa hiyo umepata hasara mbili: sakafu imeharibika na mali imepotea. Wakulipe sakafu na wakulipe maji!

— Kwa bei ya mita? aliuliza Wakili.

— Mita! Kwa bei ya bahati, bwana! Bahati ya mwaka mzima, ya watu wawili, mmoja wao mshindi wa vigae!

— Na riba, alisema Wakili, ambaye alikuwa amesharudi kwenye enzi yake. Tudai na riba. Na gharama za wakili.

— Wakili gani?

— Yupo mbele yako, usimtie aibu.

Wakaanza kubishana kama bahati hutozwa kodi, na katikati ya kodi hiyo gari dogo jeupe likasimama kando ya mtaro. Alishuka mwanamke wa makamo mwenye hijabu ya kijani na viatu vya mpira virefu mpaka magotini, shingoni amening'iniza kidude chenye sindano mbili, cha kupimia unyevu wa mbao. Hakuwa na haja ya kujitambulisha. Hakuna anayevaa viatu vile kuja kunywa kahawa.

— Asalaam aleikum. Samahanini, wajomba. Natafuta nyumba ya Mwalimu Foong. Mimi ni Rohaizah, nimetumwa na watu wa bima. Nimewahi, naona.

— Mwalimu ni mimi, alisema Foong, akasimama.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Wakili, na hiyo ndiyo methali pekee iliyokaa mahali pake siku ile, ingawa yeye aliikusudia kujipatia nafasi ya kumsogelea mgeni. Keti, Bi Rohaizah. Dada Swee, kahawa. Bibie, kabla hujaiona nyumba, benchi hili lina maelezo ya ziada.

Rohaizah alitazama saa, akatazama birika, akakaa. Wakili akasimama. Alieleza kwamba bomba lilipasuka kwa tendo la Mungu, isipokuwa mungu wa jikoni aliyekuwa na udhuru. Kwamba mto Kinta wote ulijipenyeza chini ya sinki kwa sababu viwanda vimefungwa. Kwamba mafundi hawakuwepo, na fagio siku ya kwanza ni mwiko. Kwamba sheria ya wazee inatamka wazi kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Na kwamba kampuni, badala ya kuuliza maswali, inadaiwa bahati ya mwaka mzima pamoja na riba. Alimaliza mkono hewani. Bomba alipiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akaacha.

Rohaizah alikunywa kahawa yake taratibu. Katika kazi yake alishasikia watu wakilaumu panya, jirani, radi na wake wa zamani. Uso wake ulikuwa umezoea.

— Nimeelewa kwamba fagio ni mwiko, alisema. Mama wa rafiki yangu wa shuleni alikuwa hivyo hivyo. Nina swali moja tu, wajomba. Maji yaliingia, na hakuna aliyeyatoa nje. Sasa yako wapi?

Bomba alimtazama Wakili. Dada Swee aliacha birika likielea juu ya kikombe. Siku kumi na mbili walikuwa wameyazungumza maji yale kwa kila pembe, wameyapa dini, sheria na bei, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza yalipo.

— Yalikauka, alijaribu Bomba.

— Ziwa zima, kwa siku moja, kwenye unyevu huu wa Ipoh? alisema Rohaizah. Mjomba, wewe si mtu wa maji?

Wote wakamgeukia Foong. Foong alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alikuwa na sura ya mwanafunzi aliyekutwa na jibu la kuibia.

— Yapo nyumbani, alisema.

— Nyumbani wapi?

— Kwenye masufuria.

Dada Swee aliweka birika chini.

— Kwenye masufuria, na mabakuli, alisema Foong, na sasa kwa kuwa alishaanza maneno yalitoka yote kwa mkupuo, na birika la chai, na mtungi wa mchele, na vyombo vya maua, na chupa za themosi. Mama alisema kufagia ni mwiko na kutupa nje ni mwiko, lakini kuokota mali iliyokuangukia sakafuni si mwiko, ni adabu. Akaniambia nipige magoti. Mimi nilichota kwa upawa wa wali na yeye alichota kwa kikombe, amekaa kwenye kigoda. Tulichota asubuhi mpaka jioni, tukamalizia kwa kukamua taulo. Vyombo vilipokwisha nikaja kuazima.

— Sufuria zangu! alisema Dada Swee.

— Zina mali ndani. Haziwezi kumwagwa kabla ya siku ya kumi na tano, sikukuu inapokwisha. Ndiyo maana nakula kwako.

Bomba alianza kucheka kwanza, kutoka tumboni, na Wakili akamfuata ingawa kesi yake ilikuwa imekufa.

— Kwa nini hukuandika haya kwenye fomu? aliuliza Rohaizah. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ametoa kalamu.

— Bibie, mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Ningeandika kwamba nilishinda sakafuni na upawa, nikihifadhi maji ya sinki kwa sababu ni utajiri?

— Fomu ina nafasi imeandikwa: "Hatua zilizochukuliwa kupunguza hasara." Uliiacha wazi. Ofisini walidhani mlikaa mnayatazama.

— Niliona aibu.

— Mjomba, kuna watu wananiletea picha za maji yamefika kwenye soketi na wao wamekaa kwenye kochi wakisubiri nije. Twende nikayaone.

Benchi lote lilikwenda. Dada Swee alifunga birika kwa kifuniko na kufuata, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata siku ya moto sokoni.

Nyumba ya Foong ilikuwa imejaa. Vyombo vilipangwa kando ya ukuta kuanzia jikoni mpaka mlango wa mbele, vikubwa nyuma, vidogo mbele, kama wanafunzi kwenye picha ya shule, na kila kimoja kimefunikwa kwa sahani au karatasi nyekundu. Bibi Lam alikuwa ameketi katikati yao, mkongojo mapajani.

— Tazameni miguu yenu, alisema. Atakayemwaga atalipa.

— Mama, huyu ni Bi Rohaizah wa bima.

— Umeolewa?

— Bado, bibi.

Bibi Lam akatoa bahasha nyekundu mfukoni. Rohaizah akarudi hatua nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

— Bibi, nisamehe. Siruhusiwi kupokea pesa kwa mwenye madai. Nitafukuzwa kazi.

— Si pesa, ni mwaka mpya. Ambaye hajaolewa hupewa.

— Kuna waraka, bibi.

— Waraka nao umeolewa?

Ilichukua muda. Mwishowe Rohaizah alipokea machenza mawili, baada ya kuthibitisha kwa sauti, mbele ya mashahidi, kwamba ni matunda na hayana kitu ndani zaidi ya mbegu. Kisha akapiga magoti na kuchoma sindano za kidude chake kwenye mbao, moja baada ya nyingine, akisoma namba. Foong alipiga magoti upande wa pili, akisoma namba zilezile kabla yake.

— Maji yalipita chini ya mbao kabla hamjafunga koki, alisema Rohaizah. Hapo hakuna fagio ambalo lingefika. Ya juu mliyaondoa siku hiyohiyo, ndiyo maana kabati na kuta ni kavu. Nani aliyeamua yachotwe?

— Mimi, alisema Bibi Lam. Huyu alitaka kuleta fagio. Mwalimu mzima!

Rohaizah aliandika, akisema maneno kwa sauti ndogo kama afanyavyo kila mara ili asikosee: hatua za haraka zilichukuliwa, maji yalikusanywa kwa mikono na kuhifadhiwa katika vyombo, uamuzi ulikuwa wa mwenye nyumba mwenye busara ya kawaida.

— Nani huyo? aliuliza Bibi Lam.

— Ni wewe, bibi, alisema Bomba, akavua kofia yake. Nimekutafuta mji mzima.

Bibi Lam alilifikiria hilo.

— Ya kawaida? alisema. Mwambie afute hilo neno.

Halikufutwa, kwa kuwa ni neno la kifungu.

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi ya mwaka mpya mpira wa chini ya sinki ulipasuka, na mama na mkwewe wakayachota maji kwa kikombe na upawa mpaka jioni. Siku ya kumi na tano mchenza ulio kwenye chungu mlangoni ulimwagiwa maji yote, na Dada Swee akarudishiwa sufuria zake. Kampuni ililipa sakafu. Mpira wenyewe haikuulipa. Mpira haumo kwenye bima.